Bi Havuji na Chungu cha Matundu

Mama mkwe wangu ana jina la utani analolipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Bi Havuji, na jina hilo hakulinunua wala hakulirithi, alilifinyanga mwenyewe. Kwa miaka arobaini ametengeneza vyungu na mitungi katika banda lililo nyuma ya nyumba yetu, na hakuna mtu aliyewahi kurudi kulalamika kwamba chombo chake kinatoa maji. Hayo si maneno yangu. Ni yake, na huyasema kila anapopata mtu wa kumwambia.

Siri yake ilikuwa majivu. Chombo kikishatoka motoni na kupoa, alikijaza maji akakiweka juu ya majivu makavu mpaka kesho yake. Asubuhi hukiinua na kuyapapasa majivu. Yakiwa makavu, chombo kinakwenda kwa mteja. Yakiwa na unyevu hata wa ukubwa wa ukucha, chombo kinapigwa jiwe hapo hapo, hata kama mwenyewe amekuja kukichukua na kitambaa chake cha kufungia. Nimewahi kumwona akivunja mtungi mbele ya bibi harusi. Bibi harusi alilia, mama mkwe akamwambia bora alie leo kuliko kulia mbele ya wakwe.

Yote hayo yaliisha mwaka jana. Alichoma vyungu kumi na viwili, saba vikapasuka motoni. Sababu tuliijua wote ingawa hakuna aliyethubutu kuitamka. Vidole vyake, ambavyo zamani viliweza kukamata kokoto ndogo kama punje ya mchele ndani ya udongo, sasa vilikuwa vimeanza kufa ganzi na kutetemeka, na kokoto zilikuwa zikipita. Kokoto ikipata moto ndani ya udongo, chungu hakina maisha. Aliviangalia vigae vya vile saba, akaokota kipande chake cha kibuyu cha kulainishia, gunzi la kukwangulia na kijiwe cha kung'arishia, akavitia kwenye ndoo. "Nimemaliza," alisema, kama mtu anayemaliza kula.

Kuanzia siku hiyo alihamia kwenye benchi la uani, na mimi nikaanza kuyaonja maisha. Nilikuwa nakata vitunguu vibaya. Nguo nilikuwa nazianika kwa upande usiofaa. Ufagio wangu, inaonekana, ulikuwa unahamisha taka tu, hauzitoi. Nikagundua kwamba mfinyanzi akikosa udongo humfinyanga mkaza mwana. Ningeweza kuvumilia hayo, kwa sababu ulimi alikuwa nao tangu zamani. Kilichonishinda ni kumwona akipungua siku hadi siku kama sabuni. Alikuwa anakula nusu sahani. Na kila asubuhi alikwenda kufungua dirisha la banda, jioni akalifunga, wakati ndani hamkuwa na mtu wala kazi.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na siku zote amefanya kazi zake barabarani, chini ya turubai. Alipoona banda limekaa bure, akamwomba mama yake.

"Mwezi ukiisha, lichukue," mama mkwe akajibu bila kumtazama. "Udongo uliobaki mwaga shimoni."

Mume wangu alirudi chumbani amefurahi kuliko kawaida yake, na mimi sikulala vizuri. Nilikuwa najua kwamba siku banda lile litakapojaa mageti na madirisha ya chuma, yule mwanamke atakuwa mgonjwa wa kweli, si wa kukaa kwenye benchi.

Sasa nimtaje jirani yetu, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta mambo. Sisi humwita Fundi. Anashona sare za shule na blauzi za kina mama, cherehani yake ipo dirishani upande wa pili wa ukuta wetu, na mlio wake ndio saa yetu ya asubuhi. Ni Mhindu. Aliletwa hapa akiwa bibi harusi miaka thelathini na kitu iliyopita, na yeye na mama mkwe wamekuwa wakigombana kwa mapenzi tangu wakati huo. Kila mwaka, sikukuu yao ya Navaratri inapokaribia, dada yake mkubwa humtumia chungu kimoja kutoka kwao, kimefungwa kwa pamba na magazeti. Sisi tulijua tu kwamba boksi limefika. Kilichokuwamo hatukuwahi kukiona, maana Fundi alikuwa akikipamba ndani na kukitoa siku yenyewe, na siku hizo mama mkwe alikuwa na kazi zake.

Basi siku kumi na tatu kabla ya sikukuu Fundi akaingia uani kwetu amekumbatia boksi, na boksi lilikuwa linalia ndani kwa kila hatua.

"Kimepasuka vipande sita," mama mkwe akasema kutoka kwenye benchi, macho yake yamefumbwa.

Nilifungua nikahesabu. "Saba, Mama."

"Hicho cha saba umekivunja wewe sasa hivi, kwa pupa yako."

Fundi alikaa pembeni yake na kumwekea kigae kimoja mapajani. Mama mkwe alikigeuza mara mbili, akakinusa, akaupima unene wake kwa meno. Kisha akaingiza kidole cha shahada kwenye tundu, kikatokea upande wa pili.

"Fundi, dada yako ametapeliwa. Hiki chungu kilikuwa kimetoboka kabla hakijavunjika."

"Hayo matundu ndiyo chungu chenyewe, dada."

"Kinywaji gani kinakaa humo?"

"Hakikai kinywaji. Inakaa taa."

Mama mkwe akafumbua macho yote mawili. Fundi akaeleza, na alieleza kwa vidole vyake, kama anavyoeleza mshono. Kwa siku tisa wanamheshimu Mama, mungu wa kike mwenye nyuso tisa, kila siku na uso wake. Zamani kulikuwa na shetani mwenye umbo la nyati, aliyeishinda miungu yote ya kiume, mpaka Mama akatoka akapigana naye. Siku tisa walipigana. Ya kumi akamuua, na dunia ikapumua.

"Siku tisa mwanamke yuko vitani," mama mkwe akasema. "Nyumbani nani alikuwa anapika?"

"Hakuna. Ndiyo maana sisi tunafunga."

Mama mkwe alicheka. Kicheko kile kilinifanya niache kuchambua mchele, kwa kuwa sikuwa nimekisikia tangu mwaka jana.

"Na chungu?"

"Chungu kinaitwa garbo. Maana yake ni tumbo, tumbo la mama. Taa ni uhai uliomo ndani. Tunakiweka katikati, tunacheza tukikizunguka, kwa sababu maisha nayo yanazunguka. Wanaozunguka wanabadilika, wengine wanakufa, wengine wanazaliwa. Taa haitoki pale katikati."

"Basi nunua cha shaba. Mjini vimejaa."

"Shaba haivunjiki, dada. Sisi tunavunjika. Kinatakiwa cha udongo."

Hapo mama mkwe alikipapasa kigae, maana udongo ukisifiwa mbele yake ni kama amesifiwa mtoto wake. Lakini akauliza swali moja zaidi, na afadhali asingeuliza.

"Baada ya hizo siku tisa mnakiweka wapi?"

"Tunakipeleka mtoni."

"Kukiosha."

"Kukiacha."

Mama mkwe alisimama. Alisimama bila kushika ukuta, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki kadhaa. "Kwa hiyo, Fundi, umevuka ukuta huu na miguu yako miwili, ukaja kwangu mimi, kuniomba nifinyange chungu kilichotoboka ili ukakitupe."

"Ndiyo, dada."

"Mimi nimestaafu," akasema, akaingia ndani.

Fundi hakumfuata. Alibaki akikunja kunja pamba ya boksi. Aliniambia kwamba wanawake wa mitaa mitatu hukutana uani kwake kila mwaka, kwa kuwa ukumbi wao mkubwa uko mbali na wengine wana watoto wadogo. Mwaka huu atafunga mlango na kwenda ukumbini kuwa mgeni kama watu wengine. Alisema hivyo kwa utulivu wote, lakini mtu aliyezoea kukaribisha akisema anakwenda kukaribishwa, huhitaji kuuliza kama ameumia. Aliondoka akaacha boksi kwenye benchi. Mpaka leo sijui kama alisahau. Mtu anayekumbuka vipimo vya viuno vya wanawake mia mbili si rahisi kusahau boksi.

Asubuhi nilimkuta mama mkwe amechuchumaa chini, amevipanga vile vigae saba kama mtu anayetafuta nani alimuua marehemu.

"Angalia matundu haya," akaniambia. "Hili juu, hili chini, mstari umelewa. Mtu akiamua kuharibu chungu, basi akiharibu kwa ustadi."

Nilisimama pale nikisubiri. Nilikuwa nimeishi naye miaka tisa, najua wakati wa kunyamaza.

"Umesimama nini? Kalete mchi."

Kazi yangu ilikuwa kutwanga udongo mkavu mpaka uwe unga, na kazi ya Fundi ilikuwa kuleta kitambaa. Alileta kitambaa chepesi cha mtandio, chepesi hata ukikiweka juu ya gazeti unasoma, na tukauchekecha ule udongo mara tatu. Kila kokoto iliyobaki juu ya kitambaa, mama mkwe aliiokota na kuitazama kwa chuki. Kwa sababu ya vidole vyake tulichekecha mara ya nne bila kuambiwa. Kwa siku mbili nilipiga chafya nyekundu.

Akafinyanga vyungu vitatu. Kimoja cha kupasuka, akasema, kimoja cha jicho la watu, kimoja cha kazi. Mikono ilitetemeka kama tulivyoogopa. Chungu cha kwanza kilipofika mabegani kiliinama upande, akakiponda chote na kuanza upya. Mara ya pili aliketi chini, akabana viwiko vyake kwenye magoti, na mtetemo wote ukahamia miguuni. Vidole vikatulia. Ilikuwa kichekesho kumwona, nusu ya chini inatikisika na nusu ya juu inafinyanga mduara usio na kasoro, lakini sikucheka.

Siku iliyofuata udongo ulikuwa umekaza kidogo, tayari kutobolewa. Nilimletea bomba la kalamu iliyokwisha wino. Alilishika, akalisogeza kwenye chungu, akalirudisha. Akalisogeza tena. Maharage yangu yalichemka mara mbili huko jikoni, yeye bado yuko pale pale.

"Toboa wewe," akaniambia.

"Mimi nikitoboa, Mama, utasema nimetoboa vibaya."

"Nitasema kweli." Akavuta pumzi. "Miaka arobaini nazuia kitu hiki. Usiniharakishe."

"Udongo uwahi ungali maji, Mama. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Alinitazama kwa jicho ambalo mkaza mwana mwingine angehama nyumba. Kisha akafumba macho na kutoboa. Kipande kidogo cha udongo kilitoka ndani ya bomba kama funza, akakitazama kwa huzuni. Tundu la pili lilikuwa rahisi, na kufikia la kumi alikuwa anapanga mistari iliyonyooka kuliko pindo za Fundi.

Alasiri Fundi akaja kutazama, na wakaanza mazungumzo yao. Walisengenya watu wawili, wakasifu mmoja, na mama mkwe alikuwa anazungumza huku mikono yake ikikipapasa chungu, kidole gumba kinachovya kwenye bakuli la maji, kinarudi. Nilipokuja na chai nikaona jambo.

"Mama, ule mstari wa chini uko wapi?"

Tulitazama sote watatu. Mstari wa chini wote ulikuwa umetoweka, matundu kumi na moja, na pale yalipokuwa udongo ulikuwa laini kana kwamba haujaguswa na kalamu.

"Nani ameziba?" mama mkwe akauliza kwa ukali.

Mimi na Fundi tulikuwa tunatazama kidole chake gumba, na yeye mwishowe akakitazama pia. Kilikuwa na udongo mbichi mpaka kwenye ukucha.

"Kimefanya chenyewe," akasema kwa sauti ndogo, na Fundi alicheka mpaka akamwaga chai. Kuanzia hapo, mama mkwe alipokuwa anatoboa, hakuruhusiwa kuongea. Ilikuwa siku ya amani kubwa nyumbani.

Vyungu vilikaa kivulini siku sita, vimefunikwa kwa magunia. Siku ya kuchoma aliamka kabla yetu na kupanga kuni mwenyewe. Moto ulipokolea, tukasikia mlio wa kwanza, pa, mkavu na mfupi. Hakusogea. Mume wangu, aliyekuwa anafunga kamba za viatu, alitaka kumliwaza.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Mama."

"Nenda kazini," akajibu.

Mlio wa pili ulikuja baada ya saa moja. Hapo nilimwona akishika ukingo wa benchi, na midomo yake ikisogea kama anayehesabu. Sikukaa mbali naye. Tulisubiri pamoja mpaka moto ulipokufa na majivu yakapoa, na tulipoyafukua, chungu cha tatu kilikuwa kimekaa katikati ya vigae vya wenzake, chekundu, kizima kwa macho.

Kwa macho tu. Mama mkwe alikigonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Chungu kizima hulia kama kengele, na hiki kikatoa sauti fupi, butu.

"Kimekufa," akasema.

"Labda ni matundu, Mama. Sauti inatokea humo."

"Labda. Na labda kina ufa." Akakigonga tena. "Siwezi kukitia maji. Siwezi kukiuliza kwa majivu. Sauti yake siijui. Nina chungu mkononi na sina njia ya kujua kama ni kizuri. Hii imenipata lini mimi?"

Akanipa nimpelekee Fundi. Akasema yeye haendi. Na akaongeza kwamba kikifa huko, nisimwambie, na mwezi ukiisha banda liondoke na mambo yaishe. Alisema hivyo amenipa mgongo. Nilikibeba kile chungu kwa mikono miwili, na njia ya kwenda nyumba ya pili sijawahi kuiona ndefu kama siku ile.

Jioni ya kwanza ya Navaratri, kabla ya giza kuingia vizuri, ua wa Fundi ulikuwa umefagiliwa hata mama mkwe asingepata pa kulaumu. Sakafuni alikuwa amechora maua kwa unga wa rangi. Kwenye sinia la udongo alikuwa amepanda mbegu za shayiri, ambazo zingeota katika siku hizo tisa. Wanawake ishirini hivi walikuwa wamesimama bila viatu, wamevaa sketi pana ambazo nyingi nilizitambua, kwa sababu nilikuwa nimezisikia zikishonwa mwezi mzima. Chungu chetu kilikuwa katikati, kimepakwa chokaa na rangi nyekundu. Mstari wa chini ulikuwapo, nilihakikisha.

Fundi alikuwa ameshika kijitaa cha samli na utambi wa pamba. Alitazama nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

"Amesema haji, Mama Fundi."

"Basi mwambie siwashi."

Nilirudi. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, ameoga, amevaa gauni lake la kwendea harusini na kilemba kipya. "Nilikuwa napumzika tu," akaniambia kabla sijauliza.

Alivua viatu mlangoni kwa Fundi na kusimama karibu na ukuta. Fundi hakufanya maneno mengi. Alikigusa kijitaa kwa kiberiti, akakiteremsha ndani ya chungu, akafunika, na mtu mmoja akazima balbu ya uani.

Matundu yote yaliwaka kwa pamoja. Nuru ilitoka kwa mistari iliyonyooka na kutua ukutani, kwenye sketi, kwenye nyuso za watu, na wanawake wakatoa sauti ile inayotoka wakati mtu hajapanga kusema kitu. Mama mkwe hakutazama ukuta. Alikuwa anakitazama chungu, na ghafla nikaelewa anachotafuta. Kama kuna ufa, nuru itaupata. Utaonekana kama uzi.

Akasogea. Akainama, mikono mgongoni, macho karibu kabisa na udongo, akaanza kukizunguka hatua kwa hatua. Alikuwa amejisahau. Alikwenda polepole, anasimama, anasogea, anasimama. Wanawake walimwona bibi mmoja mwenye kilemba kipya ameanza kuuzunguka mwanga akiwa ameinama kwa heshima, na mmoja wao akapiga kofi. Wa pili akapokea. Fundi akaanza wimbo. Mama mkwe alipoingia mzunguko wa pili kulikuwa na wanawake saba nyuma yake, wakiinama anapoinama na kusimama anaposimama, na mzunguko wa tatu ulipoanza walikuwa wote.

Mwishowe alinyoosha mgongo, akageuka, akakuta msafara.

"Mnanifuata kwenda wapi?"

Fundi alikuwa anacheka na kuimba kwa wakati mmoja. Mama mkwe hakucheka. Alipenya katikati yao mpaka nilipokuwa, akanishika mkono kwa nguvu.

"Hakina ufa," akaniambia. "Nimekizunguka mara tatu, mwanangu. Hakina ufa hata mmoja."

Alikwenda jioni zote tisa. Kila alipoulizwa, alisema anakwenda kukikagua. Jioni ya nne nilimkuta anakikagua huku anapiga makofi, na jioni ya saba alikuwa amemsahihisha mwanamke mmoja namna ya kugeuka. Shayiri iliota. Sahani ilianza kurudi jikoni tupu.

Siku ya kumi tulikwenda mtoni asubuhi. Nilikuwa na wasiwasi, nikijua moyo wake na vyombo vyake. Fundi alimpa yeye akibebe, na pale ukingoni akamwambia amwachie mwenyewe kama anaona vigumu. Mama mkwe alikataa. Akakiweka juu ya maji kwa taratibu, kama anayemlaza mtoto. Maji yakaingia kwa kila tundu, mstari wa chini kwanza, kisha wa pili, na chungu kikashuka bila kelele mpaka hatukukiona tena. Wanawake wengine walikuwa wameshaanza kuondoka.

"Fundi," akasema, "na mwakani?"

"Mwakani nataka kingine."

"Na hawa wenzako?"

"Wengi wanatumia vya shaba. Wengine makopo. Si kwa kupenda, dada, hawana pa kupata." Fundi akahesabu mitaa kwa vidole. "Nyumba thelathini, labda zaidi."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka kipya. Cha zamani hakiruhusiwi."

Mama mkwe alishika njia ya nyumbani. Nilitambua kwamba mimi na Fundi tulikuwa tunakimbia kidogo ili tumfikie.

Mwezi ulikuwa umeisha siku ile ile, na mume wangu ni mtu wa ahadi. Tulimkuta amesimama kwenye mlango wa banda na utepe wa kupimia, anaandika vipimo ukutani kwa chaki.

"Mama, si tulisema mwezi ukiisha?" akauliza alipomwona anavyokuja.

"Tulisema." Mama mkwe alimpita, akaketi kwenye sakafu ya banda, akabana viwiko kwenye magoti. "Miaka arobaini, baba, nimetengeneza vyungu visivyokufa, halafu nikakaa kwenye benchi nashangaa kwa nini watu hawarudi kununua vingine. Sasa nimepata kinachokufa kila mwaka, na nyumba thelathini zinakingoja. Toka mlangoni, unanizibia mwanga."

Mume wangu alinitazama mimi, akautazama utepe, akaukunja. Nilikwenda kuchukua mchi na kinu. Nilitwanga mpaka jua likapanda, na waliopita wakaona macho yangu mekundu nikawaambia ni vumbi la udongo.